Bunduki ya Upepo: Kaliba Ipi kwa Windo Dogo, na Nyama Yake Ina Hukumu Gani?

Sifa zote njema Anastahiki Allaah, Rabb wa walimwengu. Rahma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na Swahaba zake wote.

Vijana wetu wengi wa Unguja, Pemba na Mafia siku hizi kazi zao ziko bara, na baadhi wamefika mbali hadi nyanda za juu za Kigoma. Wako wauguzi, walimu na madereva wa magari ya misaada katika kambi za wakimbizi, Nyarugusu iliyoko Kasulu na Nduta iliyoko Kibondo. Wako pia wafanyabiashara wa maharage na asali. Nchi ya Waha ina misitu ya miyombo, na ndani yake wamo kanga, kwale, njiwa na sungura. Kijana akishaona kundi la kanga linavuka njia ya vumbi alfajiri, fikra ya kununua bunduki ya upepo humjia yenyewe. Hapo huuliza: ninunue ya kaliba gani? Na huku visiwani mama yake ana suali lake: hiyo nyama anayokula mwanangu, na anayosema atatuletea likizo ikifika, ni halali?

Mara nyingi suali la kwanza hupelekwa kwa muuza bunduki na la pili kwa shekhe, na kila mmoja hujibu bila ya kujua mwenziwe kasema nini. Tumeona yajibiwe pamoja. Atakayesoma hadi mwisho ataona kuwa anayechagua kaliba bila ya kujua hukumu anaweza kununua chombo kizuri kabisa cha kuzalisha vibudu.

Kaliba ni kitu gani

Kaliba ni upana wa tundu la mtutu, na kwa hivyo ni upana wa punje ya risasi inayopita humo. Bunduki za upepo zinazouzwa zaidi duniani ni za milimita 4.5 na milimita 5.5. Ipo ya 6.35, na ipo ya 5.0 ambayo ni adimu. Kwenye makopo ya risasi utaona zimeandikwa kwa sehemu za inchi: .177 ndiyo 4.5, .22 ndiyo 5.5, na .25 ndiyo 6.35. Punje za kaliba moja haziingii katika mtutu wa nyingine, basi angalia kopo kabla ya kulipa.

Uzito wa punje huandikwa kwa herufi "gr", na wengi hudhani ni gramu. Hicho ni kipimo cha zamani cha Kiingereza, greni, na gramu moja ina greni 15 na nusu hivi. Punje ya kawaida ya 4.5 ina greni 8, yaani nusu gramu. Ya 5.5 ina greni 14 hadi 16, karibu gramu moja. Ya 6.35 hufika greni 25, gramu moja na nusu na zaidi kidogo.

Kaliba peke yake haikwambii nguvu ya bunduki. Nguvu hutokana na springi au hewa iliyoshindiliwa, na hupimwa kwa jouli. Uingereza, bunduki ya upepo inayozidi jouli 16 na kidogo huhesabiwa kuwa silaha ya moto inayohitaji cheti maalumu, na kwa sababu hiyo viwanda vingi vimezoea kutengeneza bunduki za kiasi hicho. Ujerumani kikomo cha zile zinazouzwa bila ya leseni ni jouli 7.5 tu, nazo hupigwa chapa ya herufi F ndani ya pembetano. Ukiikuta chapa hiyo kwenye bunduki unayouziwa, ijue kuwa ni ya kulengea shabaha. Wajerumani wenyewe hawaruhusu kuiwindia.

Sasa tuchukue bunduki mbili zenye nguvu sawa ya jouli 16, moja ya 4.5 na nyingine ya 5.5. Ya kwanza, kwa punje ya greni 8 na nusu, hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 240 hivi kwa sekunde. Ya pili, kwa punje ya greni 16, hutoka kwa mita 177 hivi. Ndogo inakwenda kasi na kwa mstari ulionyooka zaidi: katika mita 30 huwa imeshuka karibu sentimita 9 kutoka mstari wa mtutu, na kubwa imeshuka karibu 16. Asiyejua kukadiria masafa, na porini wengi wetu hatujui, atakosea zaidi kwa ile kubwa. Lakini ndogo huchoka upesi. Zikifika mita 30, ndogo imebakiwa na jouli 11 au 12, na kubwa 13 hivi.

Tofauti ya pili ndiyo inayogusa fiqhi. Uso wa punje ya 5.5 ni mara moja na nusu ya uso wa 4.5, na uso wa 6.35 ni mara mbili yake. Nguvu ile ile ikitandazwa juu ya uso mpana, hutoboa kidogo na hupiga kishindo zaidi. Ikikusanywa kwenye uso mdogo, hutoboa zaidi na kishindo chake hupungua. Wauzaji husema "kubwa inaangusha", na wanasema kweli. Ila mwindaji Muislamu ana la kuuliza hapo: inaangusha kwa kutoboa, au kwa kugonga?

Kwa nini suali hilo ni zito

Katika Suratul-Maaidah, aya ya 3, Allaah Ametaja vilivyoharamishwa kuliwa, na miongoni mwao ni al-mawquudhah, yaani mnyama aliyekufa kwa kupigwa na kitu kizito kama gongo au jiwe. Huyo ni kibudu, isipokuwa akidirikiwa hai akachinjwa.

Swahaba 'Adiyy bin Haatim (Radhwiya Allaahu 'anhu) alikuwa mwindaji, na masuali yake kwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ndiyo nguzo ya mlango huu. Aliuliza kuhusu al-mi'raadh, nayo ni fimbo nzito au mshale usio na manyoya. Jibu alilopewa, lililopokewa na Al-Bukhaariy na Muslim, maana yake ni kuwa kilichopigwa kwa ncha yake kiliwe, na kilichopigwa kwa ubavu wake kikafa kisiliwe, kwani hicho ni kilichouliwa kwa kugongwa. Fimbo ni moja na mkono ni mmoja. Kilichotenganisha halali na haramu ni namna ilivyomuua mnyama.

Na kuhusu punje, Salaf walisema waziwazi. Al-Bukhaariy amenakili kutoka kwa Ibn 'Umar (Radhwiya Allaahu 'anhumaa) kwamba kilichouliwa kwa bunduqah ni mawquudhah, na akataja kundi la wanachuoni wa Taabi'iyn waliolichukia jambo hilo, wakiwemo Saalim, Al-Qaasim, Mujaahid na 'Atwaa. Bunduqah ya wakati wao ilikuwa kitufe cha udongo mkavu kilichorushwa kwa upinde. Neno letu "bunduki" limetoka humo humo. Na neno "risasi" asili yake ni jina la Kiarabu la madini yenyewe. Kwa hivyo Mswahili anaposema risasi ya bunduki ametamka, bila ya kujua, msamiati wa mlango mzima wa fiqhi.

Wazee wetu hawakuhitaji kusoma vitabu vikubwa kulijua hili. Mtoto wa Pemba aliyepiga njiwa kwa manati aliambiwa akimbie na kisu. Njiwa akifa kabla ya kisu, alitupwa.

Madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy, ambayo ndiyo ya wengi visiwani, yamesimama hapo: kilichokufa kwa kitu kizito kisicho na makali wala ncha hakiliwi, hata kama kilitoka damu. Imaam An-Nawawiy (aliyefariki mwaka 676 H), alipokuwa anaisherehesha Hadiyth ya 'Abdullaah bin Mughaffal (Radhwiya Allaahu 'anhu) ya katazo la kurusha vijiwe kwa vidole, ambayo sababu yake ni kuwa havimpati windo wala havimuumizi adui bali huvunja jino na kupofua jicho, alisema jambo ambalo kila mwenye bunduki ya upepo angelibandika kwenye kitako chake. Alijuzisha kuwapiga ndege wakubwa kwa bunduq ikiwa ghalibu haiwauwi, bali hudirikiwa wakiwa hai wakachinjwa. Tazama masharti yaliyomo: ndege wawe wakubwa, chombo kisiwe cha kuua papo hapo, na kisu kiwahi.

Ibn Hajar Al-Haytamiy (aliyefariki 974 H) katika Tuhfat Al-Muhtaaj aliizungumza bunduki ya baruti iliyokuwa mpya katika zama zake. Aliiharamisha kwa kuwa inaunguza na kuua upesi, kisha akaacha mlango mdogo kwa fundi mlengaji anayejua kuwa atapasua bawa tu la ndege mkubwa. Bunduki ya upepo haina moto, kwa hivyo iko karibu zaidi na bunduqah ya An-Nawawiy kuliko hiyo ya Al-Haytamiy. Miongoni mwa Mahanafi, Ibn 'Aabidiyn (aliyefariki 1252 H) naye alikataa windo lililokufa kwa risasi, kwa sababu risasi haina makali na jeraha lake hutokana na uzito na msukumo.

Kwa upande wa pili yuko Ash-Shawkaaniy wa Yemen (aliyefariki 1250 H). Katika tafsiri yake ya aya hiyo hiyo ya Al-Maaidah aliona kuwa kilichouliwa kwa bunduki ya baruti ni halali, kwani risasi yake hutoboa, huingia upande huu na ghalibu hutokea upande wa pili, na kutoboa ndiko kulikozingatiwa katika mi'raadh. Wanachuoni wengi wa zama hizi wamefuata njia hiyo, na baadhi yao wameitumia kwa bunduki ya upepo pia, kwa sharti kuwa jina la Allaah litajwe wakati wa kupiga na punje itoboe ngozi.

Hoja yao ina nguvu, na mwenye kuwafuata hatumkaripii. Ila aifuate kwa ukamilifu wake. Ash-Shawkaaniy alizungumzia risasi ya baruti inayopita mwili hadi upande wa pili. Punje ya upepo mara nyingi hubaki ndani, na bunduki ikiwa dhaifu au ndege akiwa mbali haitoboi kabisa: hugonga, ikavunja mfupa chini ya ngozi nzima, na ndege akafa. Huyo ni mawquudhah kwa kauli zote mbili. Anayefuata rai ya kutoboa analazimika kunyonyoa na kutazama. Tundu likipatikana, ana hoja. Asipoliona, hana.

Tukirudi dukani

Kuna watu wawili hapa, na kaliba zao hazifanani.

Wa kwanza ni anayefuata madhehebu ya Shaafi'iy, naye anataka windo liishie ardhini likiwa hai. Kwake yeye, njiwa atoke kwenye orodha. Njiwa wa porini ana gramu 100 hadi 150 hivi, na hakuna kaliba yoyote itakayompata barabara ikamwacha na uhai wa kuchinjika. Sharti la An-Nawawiy la ndege wakubwa linamtoa moja kwa moja. Vivyo hivyo chiriku na wadogo wote wa namna hiyo, ambao nyama yao haijazi kijiko.

Kwale wa nusu kilo yuko mpakani. Kanga mwenye kilo moja na robo au zaidi, na sungura wa kilo mbili, ndio wanaobaki. Kwa hawa 5.5 yenye jouli 16 ndiyo ya wastani, katika masafa yasiyozidi mita 25. Ya 4.5 hupita ndani ya mwili wa kanga kwa tundu jembamba, naye huruka na jeraha lake akafie kwenye kichaka usichokijua. Ya 5.5 ikimpata kwenye kiungo cha bawa humvunja na kumbakisha. Hapo iko kazi nyingine, kwani kanga aliyevunjika bawa anakimbia kuliko wewe na mimi. Nendeni wawili, mmoja akae upande ambao ndege atakimbilia, na kisu kiwe kiunoni, kimenolewa tangu nyumbani. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) katika Hadiyth ya Shaddaad bin Aws (Radhwiya Allaahu 'anhu) ametuamrisha kufanya ihsani hata katika kuchinja, na kunoa kisu kumetajwa humo kwa jina lake.

Kinachotafutwa ukimfikia ni uhai uliotulia, wanaouita hayaatun mustaqirrah. Alama zake ni kuwa akichinjwa hutapatapa kwa nguvu, na damu hutoka kwa kasi. Aliyepigwa kichwani, hata akirusha miguu kama kuku aliyekwisha kuchinjwa, uhai huo hana tena, na kisu hakimsaidii. Kwa hivyo ushauri unaotolewa na wawindaji wa nchi nyingine, kuwa piga kichwa ili mnyama asiteseke, una huruma ndani yake lakini humpa mfuasi wa Shaafi'iy kibudu kila mara.

Basi afanyeje, amjeruhi mnyama makusudi? Hili limetushughulisha kuliko mengine yote katika makala haya. Kumtesa mnyama ni haramu, na ndege kufanywa shabaha kumelaaniwa katika Hadiyth ya Ibn 'Umar iliyomo katika Muslim. An-Nawawiy alijuzisha kwa sababu jeraha lilikuwa njia fupi ya kufikia dhabihu, muda wa hatua chache. Asiyeweza kuufupisha muda huo, kwa kuwa mkono wake hautulii au kwa kuwa anapiga kutoka mita 50, ruhusa hiyo haimhusu. Kipimo chetu ni hiki: kama huwezi kuweka punje tano mfululizo ndani ya duara la sarafu ya shilingi mia mbili kutoka mita 25, piga makopo tu. Na mwenye shaka, kuku wa kienyeji katika soko la Kasulu hana khitilafu yoyote ya wanachuoni, na hahitaji darubini.

Mtu wa pili ni yule anayefuata rai ya kutoboa. Huyu atazame nguvu kabla ya kaliba. Kwa bunduki ya jouli 7.5 asiwinde chochote cha ukubwa wa kanga: punje ya 5.5 kwa nguvu hiyo ina theluthi moja tu ya jouli kwa kila milimita mraba ya uso wake, na manyoya ya kanga ni mazito. Kwa jouli 16, punje ya 4.5 huwa na jouli moja kamili kwa milimita mraba na ya 5.5 huwa na theluthi mbili. Zote zinatosha kutoboa ngozi ya kwale au sungura katika mita 25, na hapo upigaji sahihi ndio wa kuangaliwa. Ya 6.35 kwa jouli 16 ni mzigo wa bure: inatoka kwa mita 140 tu kwa sekunde, inapinda kama jiwe la kutupwa, na inagonga zaidi ya kutoboa. Kaliba hiyo ina maana katika bunduki za tangi la hewa zenye jouli 40 na kuendelea, ambazo hujazwa kwa pampu ya mkono ya kutoa jasho. Huyu wa pili pia achague punje ya kichwa cha mviringo. Ya kichwa bapa imetengenezwa kukata karatasi za shabaha, na ile yenye tundu usoni hutanuka ikiingia, ikasimama mapema.

Kwa wote wawili: bunduki iliyorekebishwa shabaha yake usawa wa bahari irekebishwe upya. Kasulu iko juu kiasi cha mita 1,300 na Kibondo ni juu zaidi. Hewa huko ni nyepesi, springi hubadilika kidogo, na punje haipungui kasi kama pwani. Tofauti ni ndogo kwenye kopo, lakini kiungo cha bawa ni kidogo pia.

Nani aliwe

Sungura ni halali. Anas (Radhwiya Allaahu 'anhu) amesimulia walivyomfukuza mmoja karibu na Makkah, Abu Twalhah akamchinja, na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akapelekewa sehemu ya nyama yake akaipokea. Kanga, kwale na njiwa hawana utata. Pimbi wa kwenye majabali ni halali kwa Mashaafi'iy. Nyani na ngedere hawaliwi, wala ndege wenye kucha za kurarulia kama mwewe na kipanga. Hud-hud imekatazwa hata kumuua.

Windo likiangukia mtoni au kwenye dimbwi likakutwa limekufa, liachwe. 'Adiyy aliambiwa hivyo hivyo, kwa kuwa hujui kama ni mshale wako au maji yaliyoliua. Na kutaja jina la Allaah wakati wa kupiga ni Sunnah kwetu na ni sharti kwa wengine, basi hakuna sababu ya kuliacha.

Kabla hujatoka na bunduki

Kutokuwa na baruti kusikupe dhana kuwa bunduki ya upepo haina sheria. Tanzania inayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi Na. 2 ya mwaka 2015. Pita polisi wa wilaya kwanza, uulize, uandikiwe, ndipo ununue. Uwindaji wenyewe uko chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, ambayo inataka leseni na imekataza njia nyingi ambazo vijana huziona za kawaida, zikiwemo sumu, mitego ya waya na kumulika kwa taa. Pori la Akiba Moyowosi limepakana na Kibondo, na humo hata kuingia bila ya kibali ni kosa. Ofisi ya wanyamapori ya wilaya itakwambia wapi mpaka unapita. Mpaka wa pori haumulikwi kwa taa, na askari hapokei udhuru wa "nilidhani".

Pia eneo hili ni la mpakani na Burundi, lenye kambi za wakimbizi na doria. Kwa mbali bunduki ya upepo haitofautiki na bunduki ya kivita. Mtu aliyevaa koti la mvua, kabeba mtutu mrefu, anatokea kichakani karibu na kambi, anawatisha watu waliokimbia mitutu kama hiyo. Al-Hasan Al-Baswriy alichukia kurusha bunduqah vijijini na mijini, wala hakuona ubaya nje ya hapo, na Al-Bukhaariy ameinakili kauli hiyo pale pale alipozungumzia windo. Punje ya upepo husafiri mita mia kadhaa, na jicho la mtoto halihitaji hata jouli mbili.

Nyama ikifika nyumbani

Mama aliyepokea kopo la nyama ya kanga iliyokaushwa afanye nini? Ipo Hadiyth ya Bibi 'Aaishah (Radhwiya Allaahu 'anhaa) kuhusu watu walioletewa nyama wasijue kama ilisomewa jina la Allaah, wakaambiwa walitaje wao wenyewe na wale. Wengi huitumia kufunga kila suali. Lakini shaka iliyomo humo ni ya kutajwa jina, na waliochinja walikuwa Waislamu. Shaka yetu ni nyingine: je, alichinjwa, au alikufa kwa kugongwa? Asili katika nyama ni uharamu mpaka ithibiti dhabihu, na mwenye kujua yupo hai, ana simu. Aulizwe mwanangu, ulimdiriki? Ulimchinja wewe? Akisema ndiyo, neno la Muislamu linatosha, na ile isimfukuze tena kwa masuali. Akisema alimkuta amekufa lakini punje ilitoboa, basi familia inayofuata Shaafi'iy isile. Ikiwa inafuata rai ya pili, ina nafasi, ila isitoke rai moja kwenda nyingine kwa ajili ya mchuzi wa siku moja.

Na amwambie jambo jingine. Kusafirisha nyamapori bila ya kibali ni kosa mbele ya serikali, na kopo hilo linaweza kumfunga bandarini kabla halijafika Mkoani au Malindi. Tangu mwaka 2020 ziko kanuni za mabucha ya nyamapori bara, yenye leseni na stakabadhi, na anayenunua humo aulize suali lile lile la dhabihu, kwani stakabadhi haisemi mnyama alikufaje.

Mwisho kuna madini yenyewe. Punje nyingi za upepo ni risasi tupu, na chembe zake hubaki kwenye nyama iliyozunguka jeraha. Ni sumu inayodhuru akili za watoto na mimba. Kata nyama upana wa vidole viwili kila upande wa tundu uitupe, na punje uitafute mpaka uipate. Ziko punje zisizo na madini hayo, nyepesi na ghali zaidi, na mwenye uwezo azichukue.

Wa Allaahu A'lam.